Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Mwaka wa sensa, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mwepesi wa ulimi na mwenye hasira za karibu. Nilichukuliwa kuwa karani wa kuhesabu watu kwa sababu moja tu: buibui langu. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, mwanamume mgeni akipiga hodi wakati waume wako kazini, hafunguliwi. Mimi nilifunguliwa, nikapewa kahawa, na wengine wakanitajia umri ambao hata waume zao hawaujui.

Mafunzo tulipewa katika skuli moja ya Makadara. Msimamizi wetu alitupitisha kwenye fomu safu kwa safu, akifafanua kila kitu kwa subira, mpaka akafika penye jinsia. Hapo akatabasamu. "Hapa hamna kazi," alisema. "Moja mwanamume, mbili mwanamke. Tazama, andika, endelea."

Mwenzetu mmoja aliyesoma madrasa sana akanyoosha mkono. "Na akiwa ni huntha?" Alikusudia mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoegemea upande mmoja. Darasa zima liliangua kicheko, na nakiri kwamba mimi nilicheka kuliko wote. Msimamizi akajibu kwamba mashine inajua moja na mbili tu, na kwamba fomu yenye nafasi tupu itarudishwa. Kisha tukala kiapo cha kutunza siri za watu, tukagawiwa penseli.

Siku ya tatu ya kazi niliingia nyumba ya bibi mmoja mzee aliyeishi na mjukuu wake, mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Mjukuu nilimjua kwa sura tangu utotoni. Alishona kofia kwa mkono, na kazi yake ilisifiwa. Mtaani alisalimiwa kwa heshima na hakuulizwa mambo yake. Siku ile alikuwa ameketi mkekani karibu na dirisha, kikoi kiunoni na leso begani, kofia iliyofika nusu mapajani.

Bibi ndiye aliyejibu maswali yote. Nilipofika kwa mjukuu, hata sijauliza, akasema haraka, "Mwanamke. Andika mwanamke."

Sindano ilisimama. Niliiona. Lakini miguu ilikuwa ikiniuma na nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Nikaandika mbili.

"Umeandika n'ni?" mjukuu akauliza.

"Alivyosema bibi."

"Mbona hukuniuliza mie? Nami niko papa hapa."

"Mkuu wa nyumba ndiye anayejibu," nikasema, na hasira zangu zikaanza kupanda. "Ndiyo sheria."

Aliweka kofia chini. Hakupandisha sauti. "Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alinionyesha safu yangu ya kusimama nikisali, nyuma ya wavulana, mbele ya wanawake. Tulipofika mlango wa mirathi, alinisomea fungu langu. Vitabu vile ni vya zamani, na vyanijua. Karatasi yako ni ya juzi, na haina hata haja ya kuniuliza? Haya, nionyeshe ulichoandika."

"Siwezi. Ni siri. Sheria hainiruhusu."

"Siri ni yangu, kisha wewe wanificha mie mwenyewe?"

"Mwache mwana wa watu afanye kazi yake," bibi akasema, macho yake yako sakafuni. Nikafunga mkoba nikatoka bila kumaliza kahawa.

Nyumbani nilikisoma upya kile kijitabu cha kanuni, nikitafuta pa kujitetea. Hakikusema popote kwamba mtu asionyeshwe habari zake mwenyewe. Hayo niliyatunga mimi, papo hapo, kwa kuwa nilishikwa nikifanya kazi ovyo na sikutaka kukubali. Niliona haya sana.

Asubuhi nilirudi na ufutio. Nilikaa mkekani karibu na mjukuu, nikamfunulia fomu, nikafuta ile mbili mbele ya macho yake. "Niandike nini?" nikauliza.

Jikoni, bibi alikuwa akikuna nazi. Mkwaruzo ukanyamaza. Mjukuu aliinama akazisoma zile namba zilizochapwa kwenye fomu, moja ya mwanamume, mbili ya mwanamke.

"Kama hamna pangu, usinitie pa wengine," alisema. "Acha wazi."

"Itarudishwa."

"Na irudi. Wakiuliza, wambie mwenyewe ndiye aliyesema."

Nikamwahidi kwamba nitawaambia hivyo hivyo.

Jioni ile tulikabidhi fomu. Msimamizi alikuwa na rundo refu mbele yake na usingizi machoni. Alipitisha kidole mpaka penye ile nafasi. "Huyu ni nini?"

"Mwenyewe amesema iachwe wazi."

Alisoma jina, jina la kike alilopewa mjukuu siku ya saba ya kuzaliwa, akaandika mbili kwa penseli yake. "Jina si unaliona? Kwani wewe mgeni hapa?" Akageuza ukurasa. Hakuwa mtu mbaya. Tendo lile halikumchukua hata muda wa kupangusa jasho. Mimi niliyezoea kugombana na wauza samaki kwa samaki mmoja aliyelegea, siku ile nilisimama kama niliyefungwa mdomo. Sheria ilitisha kumshtaki anayekataa kujibu. Nimeitafuta tangu hapo sehemu inayomtaja aliyejibu asisikilizwe, na bado sijaiona.

Wiki chache baadaye nilikutana na mjukuu katika duka la nyuzi Makadara. Alinisalimia kabla yangu, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasogea karibu.

"Ile nafasi yangu imebaki wazi?"

"Imebaki," nikasema.

Uso wake ulikunjuka, nikatamani ardhi inimeze. Akanieleza kwamba bibi alikasirika siku mbili, hakusema naye hata neno. Siku ya tatu alimwita, akamkalisha karibu naye kitandani, akamwambia kwamba kama serikali imekubali kumwacha alivyo, basi naye amekubali. Tangu siku hiyo hajamwita tena mwanamke mbele ya wageni.

"Bibi amesema uje ule nasi Ijumaa," akaniambia. "Ataka kukupikia biriani."

Nikaitikia nitakuja. Nikalipia uzi ambao hata sikuuhitaji, nikatoka dukani.

Sikwenda.