Kisutu Kwenye Taarifa ya Habari

Shangazi Zuwena alinipigia simu Guangzhou, China, kuniambia kwamba daktari wa Nizwa amempangia siku ya kumtoa mtoto wa jicho, na kwamba yeye hakubali kuguswa mpaka niwepo. "Mambo yakiharibika," alisema, "nataka uso wa mwisho n'liouona uwe wako." Huyu ndiye aliyenilea Unguja baada ya mama yangu kufariki, kabla hajamfuata mumewe mjini Ibra, Oman. Nikakata tiketi.

Mke wangu Rahma alinifungia begi mwenyewe. "Nenda," akasema, "na usirudi mpaka umwone ameona." Tunakaa ghorofa ya chini, mimi, yeye na binti yetu Nasra, kwa sababu kazi yangu ni kuwakusanyia wafanyabiashara mizigo na maboksi hayapandi ngazi. Mvua ilikuwa imeanza na mimi nilikuwa sitaki kuondoka.

Jioni hiyo, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, nilipita kula kwenye mkahawa wa mtaani kwetu, ambako wageni wengi wa jengo letu hukutana. Pale ukutani kuna televisheni, na sisi wageni tuna namna yetu ya kuitazama taarifa ya habari ya serikali: tunazima sauti. Aliyetufundisha ni jirani yetu Musa, mtu wa Mali, mkaazi wa zamani kuliko sisi sote. "Msimtazame mdomo," hutuambia. "Tazameni viatu." Mtangazaji akisimama barabarani kusema hali ni shwari, na viatu vyake vimelowa, nunua mchele. Akionyeshwa uso tu, nunua na maji. Tena kila habari mbaya, asema Musa, lazima iwe na mgeni wa shukrani, yaani mtu wa nje mmoja anayetolewa mwisho kusema amehudumiwa vizuri. Tukimwona huyo hucheka mpaka chai ikatupalia, na hakuna kati yetu anayeamini kuwa ni mtu wa kweli.

Usiku ule walisema tufani inakuja na serikali imejitayarisha. Viatu havikuonyeshwa. Nikapanda ndege na moyo uko nyuma.

Muscat nilipokelewa na Said, mtoto wa Shangazi, ambaye amezaliwa huku huku Oman na Kiswahili chake amekipata jikoni kwa mama yake. Ana kazi ya mshahara ofisini na gari kubwa jeupe analolipenda kama mtoto. "Karibu, kaka. Ndege alichelewa?" Kwa Said kila kitu ni mtu: ndege anachelewa, barabara anateleza, simu amekufa. Mimi humcheka, naye hunicheka kwa Kiarabu changu, tukawa sawa. Njia nzima ya kwenda Ibra, kati ya majabali meusi, sikuitazama. Nilikuwa nikifungua na kufunga simu, namtafuta Musa, na Musa hajibu.

Ibra tulifika kabla ya adhuhuri. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba, mwanangu, marahaba! Ahlan! Sogea n'kuone." Akanipapasa uso wote kwa viganja, kwa kuwa kwa macho alikuwa anaona ukungu na rangi tu. Lakini televisheni hakuiacha. Ameweka kiti chake karibu nayo kiasi cha kuweza kuifuta vumbi kwa pua, na tangu mimi nihamie China anatazama idhaa ya Kiarabu ya Wachina kila siku baada ya magharibi, ili, asema, ajue mwanawe amekula nini.

"Nimewaona hao panda wenu wamezaa mapacha," akaniambia. "Na garimoshi jipya. Na mji wako umepata mvua, lakini hawana wasiwasi, wameshapanga mifuko ya mchanga."

"Shangazi, hao wakisema hawana wasiwasi ndipo sisi tunapoanza kuwa nao."

"Alaa! Wewe unakaa kwao, unakula chumvi yao, na maneno yao huyaamini?"

"Chumvi yao naila. Taarifa yao naipunguza nusu, halafu naipindua."

"Basi utabaki na nini, baba?" akauliza. Nilitoka nje kumpigia Rahma, akaniambia ni mvua tu.

Safari ya kwanza haikuwa ya Nizwa. Shangazi alitaka kwanza apelekwe Sur, mtaa wa Aija, akamuage Bi Ghania, shoga yake aliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani Unguja. Nilimwambia anakwenda kutolewa mtoto wa jicho, haendi Makka. Akasema kuaga hakumwumizi mtu. Tukaondoka.

Bidiya tulisimama kuswali na kula. Watalii walikuwa wakitoa upepo kwenye magurudumu ili waingie mchangani, na Said akataka kunionyesha mashamba ya mitende na mfereji wa falaj unaoyanywesha. Nilizunguka msikiti nikitafuta mtandao. Rahma alipokea akaniuliza Shangazi anaendeleaje, nimekula nini, Said bado ana gari lile? Maswali yote yalikuwa ya kwangu. Nilipomuuliza lake alisema, "Mvua tu, Khamis. Usiwe kama Musa."

Aija tulifika baada ya alasiri. Nyumba ya Bi Ghania ni ya kale, ya mabaharia wa ukoo wa mumewe, na mlango wake unaelekea hori ambako boti za uvuvi hufungwa. Mabibi wawili walikumbatiana wakalia, wakaanza kwa furaha kubwa kuwasema marafiki zao waliokufa. Ikaletwa kahawa, tende na halua. Baada ya magharibi Shangazi akadai idhaa yake.

Habari ya nne au ya tano ilikuwa ya mji wetu. Ukumbi mkubwa wa shule, vitanda vya kukunja kwa mistari, watu wanagaiwa uji. Mtangazaji akasema maji yameingia kwenye nyumba za chini katika baadhi ya mitaa na wakaazi wamehamishwa salama. Kisha kamera ikapita juu ya mwanamke mgeni mweusi aliyeinama kumfunika mtoto, na Shangazi, ambaye hawezi kutofautisha sahani na kawa, akapiga ukelele.

"Rahma huyo!"

Picha ilikuwa imeshapita. Aliyebaki ni mtu wa serikali mwenye koti la mvua.

"Shangazi, macho yako wewe na mimi tunayajua."

"Sikuona uso. Nimeona kisutu. Kisutu changu mie, n'lichompelekea siku ya arusi yake. Na alivyojitanda! Nani Mchina wa kujitanda vile?"

Nikacheka, kicheko kile kile cha mkahawani. Nikawaeleza mabibi wale habari za mgeni wa shukrani, kwamba hutafutwa, huvishwa, hufundishwa la kusema. Kuhusu kisutu, nikasema, kanga siku hizi zinachapwa huko huko China, ziko marobota kwa marobota, nami mwenyewe nimeshazipakia. Kumpata mtu wa kuijitanda ni kazi ndogo.

"Yaani serikali nzima," akasema Bi Ghania, "ikakaa kikao kumfunza mtu kujitanda kanga, ili imdanganye Zuwena wa Ibra?"

Said aliangua kicheko. Mimi nikampigia Rahma pale pale, mbele ya wote, nikaweka sauti kubwa. "Uko wapi?" "Nyumbani, natandika kitanda." "Shangazi anasema kakuona kwenye televisheni." Akacheka. "Mpe salamu, mwambie nimekuwa mtu maarufu." Nyuma yake mpira ulikuwa unadundadunda. Nikadhani ni watoto wa ghorofa ya juu wamechelewa kulala.

"Mmesikia?" nikawaambia. Shangazi alifunika kikombe chake kwa mkono, asiongezewe kahawa. Nami, niliyeshinda hoja, sikuweza kukaa. Nilitoka nikavuka daraja la hori mpaka upande wa pili wa Sur, nikarudi, nikavuka tena. Nilikuwa na hofu na sijui naihofia nini, maana televisheni nimeikana na mke wangu nimemwamini.

Asubuhi yake televisheni ya Oman nayo ilikuwa na lake: mvua kubwa milimani, wadi zitashuka, watu wasivuke. Wadi ni bonde la mawe, kavu karibu mwaka mzima, ambalo maji huweza kulijaza kwa pumzi moja. Nikauliza mtangazaji amevaa viatu gani.

"Kaka," Said akasema, "huku TV akisema wadi, basi ni wadi."

Nilikwishaamua moyoni: nimfikishe Shangazi Nizwa mapema, nimkabidhi kwa Said, nishike njia ya uwanja wa ndege. Nikawahimiza mpaka Shangazi akapanda gari na kiatu kimoja mkononi. Tukarudi njia ya Ibra, tukakata kwenda Sinaw, na baada ya Sinaw mbingu ikawa nyeusi upande wa milimani, ingawa juu yetu hakukudondoka hata tone.

Kabla ya Izki barabara inashuka kuvuka wadi. Magari yalikuwa yamepanga foleni, na kwenye lami palipita maji membamba, ya kutawadhia tu. Nikamwambia Said apite. Akazima gari.

"Maji yenyewe hayo? Pita, bwana!"

"Mimi hapiti."

"Umeogopeshwa na televisheni, mtu mzima wewe!"

Akachomoa ufunguo akautia mfukoni mwa dishidasha yake, akatazama mbele. Nilimwita mwoga. Nilisema na mengine. "Khamis," Shangazi akasema kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti aliyokuwa akinitishia nayo nikiwa mdogo, "nyamaza."

Nilikuwa bado sijanyamaza vizuri maji yalipokuja. Yalitangulia kuvuma, kisha yakatokea kwenye kona, ya rangi ya udongo, yamebeba shina la mtende na mtungi wa gesi, yakaing'oa nguzo ya alama ya barabara kama mtu anavyong'oa mchicha. Pale ambapo ningemlazimisha Said awe, hapakuonekana hata lami. Nilishuka garini nikakaa juu ya jiwe. Nilimwomba radhi Said. Akasema, "Yalla, yamepita," ingawa yalikuwa hayajapita.

Simu ikalia. Rahma.

"Uko wapi?"

"Nizwa," nikasema. "Kwa daktari. Tunakunywa kahawa."

"Kahawa gani inayovuma hivyo?"

"Falaj. Mfereji wa shambani, hapa nje."

Nyuma yake nikausikia tena ule mpira. Ulidunda, na mwangwi wake ukazunguka mahali pakubwa, pa paa la juu. Mimi, bingwa wa kutazama viatu, nilikuwa nimeusikia mpira huo tangu Aija.

"Rahma. Na huo mpira?"

"Watoto wa juu."

"Watoto wa juu wana ukumbi?"

Wadi ikanguruma kwangu, mpira ukadunda kwake.

"Anza wewe," akasema.

"Tufungue picha pamoja."

Tukafungua. Yeye aliona maji ya udongo na foleni ya magari. Mimi niliona goli la mpira wa kikapu, vitanda vya kukunja kwa mistari, na Nasra amelala chini ya kisutu cha Shangazi. Maji yaliingia kwetu usiku ule ule nilioondoka, mpaka magotini, wakapelekwa shuleni. Wenye kamera walikuja kweli.

"Wakaniuliza tunaendeleaje. Wametupa uji na mablanketi, Khamis, nikawashukuru. Ulitaka niwatukane?"

"Mbona hukunambia?"

"Ungepanda ndege ukamwacha Shangazi na macho yake. Ungekuja kufanya nini? Kutazama viatu?" Akaanza kulia, na mimi pia, mbele ya madereva wote wa foleni ile. "Lakini barabara yetu hawakuionyesha," akaongeza. "Hapo Musa yuko sawa. Walituonyesha sisi tu."

Nyuma yangu kioo cha gari kilishushwa. "Si n'likwambia?" akasema Shangazi. "Kisutu changu nnakijua."

Nizwa tuliingia maji yalipopungua, na nilikaa mpaka mwisho, kama Rahma alivyoagiza. Kukaa kwenyewe sikukaa. Nilizunguka ngome, nikazunguka soko la mbuzi, nikamchosha kila muuguzi. Bandeji ilipotolewa Shangazi alinitazama sana. "Umezeeka," akasema, kisha akadai simu amwone Rahma. Walizungumza muda mrefu na mimi nilifukuzwa chumbani.

Guangzhou nilikuta alama ya tope ukutani na kisutu kimeanikwa dirishani. Musa alikuwa salama, simu yake ndiyo iliyozama. Mkahawani bado tunazima sauti, na bado natazama viatu, kwa kuwa yapo mengi yasiyoonyeshwa. Ila anapotokea mgeni wa shukrani, wenzangu hucheka nami huinuka nikamtazame karibu, amejifunika nini, amembeba nani.

Nami siku hizi nikisafiri, Rahma haniulizi habari. Husema, "Onyesha viatu." Nainamisha simu mpaka miguuni, naye huinamisha yake. Nikiona vidole vyake vikavu juu ya sakafu yetu, ndipo nasema niko salama.