Mashine ya Kuyumba ya Onofre

Mume wangu, Onofre Archuleta, amepiga polishi magari ya watu wa mji wetu wa Española kwa miaka thelathini na nane, na miaka miwili ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vifungo vya shati. La kwanza watu wote walilijua. La pili tulilijua sisi wawili na daktari wa Santa Fe, aliyemchoma vidole kwa sindano kimoja kimoja huku Onofre akitazama dirishani, hana habari kama anachomwa.

"Ni mtetemo," daktari akasema. "Mishipa ya fahamu imechoka, mzee. Iache hiyo mashine ya polishi."

"Nitaiacha," akasema Onofre.

Kesho yake saa mbili asubuhi nikaisikia inanguruma bandani.

Nisimseme vibaya sana. Kwetu gari si kitu cha kwendea dukani tu. Gari aina ya Impala, la mwaka sitini na nne, linashushwa mpaka tumbo linakaribia lami, linapita mjini polepole kuliko mtu anayetembea, na mwenyewe ametumia nusu ya umri wake kulifikisha hapo. Huwezi kumpa mtu yeyote tu aliguse. Mashine ya Onofre ilikuwa ile ya zamani, nzito, inayozunguka moja kwa moja bila kupumzika. Ukikaa nayo mahali pamoja kwa pumzi mbili tatu, vanishi inaungua, na rangi iliyo chini inafuata. Mashine haikuonyi, kinachokuonya ni mkono. Onofre alikuwa akipita mara mbili, anaweka mgongo wa kiganja juu ya bati, analisikiliza joto, ndipo anaendelea. Miaka yote hiyo hakuunguza gari la mtu, na akishakunywa bia moja lazima akukumbushe.

Mashine za kuyumba alizidharau kabisa. Ni zile ambazo sifongo lake linazunguka na papo hapo linayumba huku na huku, kwa hiyo joto halikai pahali pamoja. "Za kukandia migongo ya vikongwe," ndivyo alivyoziita. Zamani alikuwa na mfanyakazi aitwaye Zenaida, binti mwenye bidii, kaolewa karibuni. Siku Zenaida alipoingia bandani na mashine ya kuyumba aliyoinunua kwa hela yake mwenyewe, Onofre alimwambia aende akamkandie nayo mumewe. Alimwambia hivyo mbele ya wateja, nao wakacheka. Zenaida akachukua begi lake akaenda zake bila kuaga. Nilimwambia Onofre siku ile kwamba ana mdomo mchafu, na mpaka leo sijabadili mawazo.

Basi, mwezi wa tatu mwaka huu akaja Orlinda Quintana.

Orlinda na sisi ni watu wa ubatizo. Onofre ndiye baba wa ubatizo wa mwanawe, Amadeo, na hapa kwetu hilo linapita udugu, tunaitana komadre na kompadre hata tukigombana. Amadeo alikufa kwa ajali kwenye barabara ya Taos akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa ni miaka kumi na moja. Baba yake aliipeleka Impala yao kwa mchoraji, akachora uso wa kijana juu ya mfuniko wa buti, nyuma ya gari, mkubwa, akitabasamu upande mmoja kama kawaida yake. Kila Ijumaa Kuu Orlinda huliegesha gari lile kando ya barabara ya Chimayó, mahali wanapopita mahujaji kwa miguu, na waliomjua Amadeo husimama na kuvua kofia. Mchoraji alishafariki, na baba yake Amadeo alishafariki. Hakuna wa kuuchora tena uso ule.

Sasa shemeji yake Orlinda, mtu wa Albuquerque, kichwa maji, aliazima gari akalipitisha kwenye lile banda la kuoshea lenye mabrashi ya kuzunguka. Alidhani anafanya wema. Vanishi ikajaa mikwaruzo, na jua likipiga, uso wa Amadeo ulikuwa na ukungu mtupu. Macho hayakuonekana.

"Kompadre," Orlinda akasema jikoni kwangu, kahawa mbele yake hajaigusa, "nataka Ijumaa Kuu aonekane."

"Ataonekana," akasema Onofre.

Nilimtazama, yeye akatazama ukuta. Orlinda alipoondoka nikamuuliza:

"Utamwambia lini?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ukishika sufuria ya maharage ya moto hujui mpaka mimi nikupigie kelele."

"Eufelia, wewe kaa na sufuria zako."

Nikakaa nazo. Yeye akaenda kwa Orlinda na kile kipimo chake cha unene wa rangi, akarudi uso umemshuka. Penye shavu la Amadeo vanishi ilikuwa imebaki nyembamba mno, maana Onofre mwenyewe alishaipiga polishi mara mbili miaka ya nyuma. Ingeweza kuvumilia mara moja tena, basi. Baada ya hapo haiguswi milele. Na ukikosea hiyo mara moja, shavu la mtoto linaondoka na sifongo.

Hapo hata yeye alikubali kwamba ile nzito haifai. Na duka la karibu la mashine za kuyumba liko Santa Fe, na mwenye duka hilo ni nani kama si Zenaida.

Nilimwendesha mimi. Zenaida alikuwa nyuma ya meza yake, amenenepa kidogo, miwani kichwani. Akamwangalia Onofre toka kofia mpaka viatu.

"Mzee Onofre," akasema. "Mume wangu hajambo. Mgongo wake mzima, asante."

Mimi nilicheka, sikuweza kujizuia. Onofre akaanza kusoma makaratasi ya rafuni kama mtu anayejisomea misale.

Lakini Zenaida ni mfanyabiashara, na ni mtu wa haki. Alizipanga mashine mezani akaeleza bila maringo. Ziko zinazoyumba milimita nane, kumi na tano, ishirini na moja. Kadiri inavyoyumba zaidi ndivyo inavyomaliza kazi haraka, na ndivyo inavyokusumbua kwenye kona. Halafu kuna yenye gia na isiyo na gia.

"Yenye gia haisimami," akasema. "Ikandamize uwezavyo, inazunguka tu. Hii isiyo na gia, ukiizidishia mkono au ukiilaza vibaya, sifongo linagoma, linatetema tu palepale. Wengine wanaona ni ubovu."

"Ni ubovu," akasema Onofre.

"Inategemea mtu. Yenye gia nayo huunguza ukiikandamiza, inataka mkono unaosikia. Mikono yako vipi, mzee? Joto bado unalisikia?"

Aliuliza kama anavyomuuliza mteja yeyote. Hakuwa na hila. Nilimkanyaga Onofre mguu chini ya meza. Akauondoa. Miguu yake haina ugonjwa.

"Nalisikia kama siku ile nilipokufundisha wewe," akasema.

Basi Zenaida akampa yenye gia, na sisi tukarudi nyumbani na uongo wetu ndani ya sanduku.

Bandani kuna boneti kuukuu la lori, la buluu, analofanyia majaribio. Onofre akaivisha mashine sifongo jeupe jipya, akawasha, akapita mara mbili, tatu. Mimi nilikuwa mlangoni na taulo. Akazima, akaweka mgongo wa kiganja juu ya boneti.

"Baridi," akasema.

Akawasha tena. Harufu ikanifikia, ile ya kucha inayoungua.

"Onofre."

"Baridi, nakwambia."

"Onofre, tazama sifongo."

Akalipindua. Lilikuwa la buluu. Juu ya boneti palikuwa na baka la upana wa tortilla, rangi imekwisha, kijivu cha chini kimetokeza. Akaweka mkono tena palepale, akauacha hapo kwa muda mrefu, akingoja. Mimi nililigusa pembeni kwa ncha ya kidole nikakitoa upesi, maana liliunguza.

Akakaa juu ya ndoo. Nilikuwa na maneno yangu tayari, Mungu ananijua, nilikuwa nimeyaweka miaka miwili. Sikuyasema.

"Lingekuwa shavu lake," akasema, na akalia. Nilimwona akilia hivyo mara moja tu kabla, siku walipomshusha Amadeo kaburini. Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia. Nilimpangusa uso kwa taulo lililokuwa na dawa ya polishi, tukabaki na vumbi jeupe sote wawili.

Kesho yake tukarudi Santa Fe. Dukani palikuwa na wateja watatu. Nilidhani angesubiri watoke, lakini alikwenda moja kwa moja mpaka mezani, kofia mkononi.

"Zenaida, jana nilikudanganya. Mikono yangu imekufa ganzi, haisikii kitu. Na ile siku ya bandani nilikutukana mbele ya watu, ndiyo maana haya nayasema mbele ya watu. Nisamehe."

Wale wateja wakawa ghafla wanapenda sana kutazama sabuni. Zenaida akaivuta ile mashine yenye gia tuliyoirudisha, akaikagua.

"Ungesema jana, usingenichania sanduku," akasema. Akaondoka akarudi na isiyo na gia, ile ya milimita kumi na tano, na sifongo laini kuliko yote. Akachukua kalamu ya wino mzito, akachora mstari mweusi pembeni mwa sahani inayoshika sifongo.

"Mzee, tazama hapa. Mstari ukizunguka, uko sawa. Ukiuona umesimama, umekandamiza, legeza. Usijivunie mkono tena, tumia macho." Akaongeza kidude cha kupimia joto, unakilenga kwenye bati kinakupa namba. Onofre alikichukua kama mtoto aliyepewa dawa chungu.

Jumatano ya Juma Kuu, asubuhi, Orlinda alileta gari uani kwetu. Nilifikiri ataingia ndani tunywe kahawa. Akasema atasimama pale. Onofre alitandaza taulo, akapanga vitu vyake, na kile kidude kikawa pale katikati.

"Hicho ni nini, kompadre?"

Angeweza kujibu lolote. Orlinda hajui mambo ya mashine, angeamini.

"Cha kupimia joto," akasema Onofre. "Mikono yangu haisikii, komadre, huu mwaka wa pili. Ulipokuja jikoni nikakuahidi, nilikuwa najua. Ukitaka kulipeleka gari kwa mwingine, sitakulaumu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Orlinda alimtazama, kisha akamtazama mwanawe pale kwenye buti, chini ya ukungu wake.

"Mwingine yupi?" akasema. "Huyo mwingine alimshika kwenye maji ya ubatizo?" Akakiokota kidude cha Zenaida, akanipa mimi. "Kaa nacho, komadre. Mikono mimi ninayo."

Akavua pete yake. Kisha akainua mkono na kuupeleka kwenye buti, na mkono ukasimama hewani, upana wa kidole kimoja tu kutoka kwenye rangi. Hapo ndipo nilipoelewa. Huku kwetu gari lililochorwa haliguswi. Mtoto anafundishwa kuliangalia huku mikono iko nyuma, hata kabla hajajua kusali. Orlinda alikuwa akimpangusa vumbi Amadeo kwa manyoya laini, kwa miaka kumi na moja, na hakuwahi kumwekea mkono asije akamharibu.

"Mgongo wa kiganja," Onofre akamwambia taratibu. "Mimi nikizima, wewe unaweka, unaniambia."

Akaanza kwenye paji la uso. Kazi yangu ilikuwa kuutazama ule mstari mweusi, na nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi. Ulisimama mara moja. "Umekandamiza," nikasema, akalegeza. Akazima. Orlinda akaweka mkono upesi, akautoa upesi, akasema iko kawaida tu. Wakaendelea hivyo, mmoja na mashine, mwingine na mkono. Ukungu ukaanza kuondoka. Jicho la kushoto likatokea, kisha la kulia, na Orlinda akajishika mdomo.

Wakafika shavuni. Onofre akapumua, akaishusha mashine, akapita mara moja, polepole, mstari unazunguka bila kukatika. Akainua, akazima. Sifongo lilikuwa jeupe.

"Sasa, komadre. Ina joto?"

Orlinda akaweka mgongo wa kiganja. Kisha akakigeuza kiganja chenyewe, chote, akakilaza juu ya shavu. Onofre hakumkataza.

"Ana joto," akasema.

Onofre hakumsahihisha. Aliiweka mashine juu ya taulo, akasema hawezi kuendelea mpaka aambiwe kuwa amepoa. Tukasubiri. Orlinda alichelewa sana kulisema hilo, na sisi hatukumharakisha.