Majokofu Kwenye Mlango Mdogo

Mume wangu Sobit ni fundi majokofu, na hapa Kokandi ni nyumba chache ambazo majokofu yao hayajapita mikononi mwake. Mabovu yamejaa uani kwetu. Nimeyapigia kelele tangu niolewe, ukuta ungenisikiliza zaidi. Akitoka kazini anakunywa chai yake, anaketi mbele ya kompyuta, na hapo ndipo anapokuwa mfalme.

Mchezo wenyewe ni wa kujenga dola. Wewe una miji yako na majeshi yako, na wafalme wengine wote wanaendeshwa na kompyuta. Wanakuletea wajumbe, wanakusifu, wanaomba mikataba. Sobit aliwajua wafalme hao kuliko anavyowajua wakwe zake.

"Maneno yao usiyasikilize, Mavluda," alikuwa akiniambia. "Mtu aliyekununia siku zote, ghafla akikuletea zawadi, shika upanga. Akiomba umfungulie mpaka apite, huyo anatafuta njia. Na ukiona majeshi yanajikusanya jirani, basi tena, ni vita."

Hakukosea. Mfalme wa kompyuta alipokuja na jeshi lake alikuta mpaka umeshazibwa, na Sobit anacheka peke yake kama mwehu. Nami nilicheka. Sikujua kwamba somo hilo lingetoka kwenye kioo na kuingia nyumbani.

Kwetu, kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na wazazi hutoka kwake kwenda makaburini. Sobit ndiye kitinda mimba. Kaka yake, Hamdam, alijenga upande wa pili wa ukuta, na baba yao akatoboa mlango mdogo katikati ili sahani za chakula zisizungushwe barabarani. Mama mkwe alipozidiwa, Sobit alikuwa mji mwingine kikazi. Hamdam akamhamishia kwake, kwenye chumba chenye joto. Akafia huko, na jeneza likatoka kwa lango la Hamdam. Sobit aliporudi, mama alikuwa ameshazikwa.

"Umeniibia mama yangu!" alimwambia kaka yake mbele ya watu.

"Ungekuwepo," Hamdam akajibu. Neno moja tu la hasira, lakini Sobit alichukua nyundo akaugongelea misumari ule mlango mdogo. Salamu zikafa hapo, kwa miaka.

Mwaka huu, miti ya matunda ilipochanua, Zumrad, mke wa Hamdam, alikuja na sahani ya pilau. Alisema Hamdam kaipika mwenyewe. Nilitaka kupiga kigelegele.

"Zawadi," alisema Sobit, akiitazama ile sahani.

"Zawadi ya nini? Ni pilau, mwanamume wewe!"

"Kwa nini leo? Mwaka jana hakuwa na mchele?"

Aliila yote, akalamba na vidole, msinione nasema uongo. Kisha akaenda kuirudisha tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Utatia hata konzi ya zabibu. Niliona aibu mpaka nikajificha jikoni.

Zumrad alirudi tena, macho yamemvimba. "Shemeji, kaka yako anaomba mlango mdogo ufunguliwe. Anataka kuja kukaa nawe kidogo."

"Lango kubwa liko wazi. Azunguke barabarani kama watu wengine."

"Amechoka tu, shemeji. Mlango mdogo ni karibu."

"Dada, anaumwa?" niliuliza.

"Amechoka," alirudia, akatazama chini. Kuna ugonjwa ambao kwetu hautajwi, hata mbele ya mgonjwa mwenyewe. Ningemshika mkono, ningembana. Lakini Sobit alikuwa ameshanigeukia, uso unang'aa kama mtu aliyeshinda.

"Umesikia? Anaomba mpaka! Anaitaka nyumba ya baba, huyo."

"Sobit, yule ni kaka yako, si kompyuta."

"Basi ngoja uone majeshi."

Na majeshi yakaja, maskini. Wana wa Hamdam walifika kutoka Tashkenti, wakafuata wajomba, binamu, magari yakajipanga mstari mtaani. Sobit alipanda ngazi akachungulia juu ya ukuta, akaona mabenchi yanaingizwa na sufuria kubwa za shughuli. Akashuka. Akaanza kuyakokota majokofu yake mabovu, moja baada ya jingine, akayasukuma mpaka yakauziba mlango mdogo. Nilimwambia ameingiwa na wazimu. Akanijibu kwamba nitamshukuru.

Asubuhi tulikuwa kwenye chai kilio kilipopasuka upande wa pili. Kilio kile hakina maana mbili. Kipande cha mkate kilimtoka Sobit mkononi.

Hakuzunguka barabarani. Sijui kwa nini; nadhani miguu ilimpeleka njia ya utotoni. Aliyaangusha majokofu, akang'oa misumari kwa nyundo na kucha, damu inatiririka, huku akiita, "Kaka! Kaka, nakuja!" Mimi nilivuta ubao naye. Alikuwa ameigonga vizuri, misumari ile, fundi huyu wangu. Kumbe Hamdam alikufa usiku, akaoshwa alfajiri, na kile kilikuwa kilio cha kumtoa; sisi tukiwa bado tunang'oa, aliombewa, akabebwa, na kwetu jeneza hukimbizwa. Mlango ulipofunguka, ua ulikuwa na wanawake tu.

Zumrad alikuja akasimama mbele yake. Hakumfokea, na heri angemfokea.

"Alitaka kukuomba mwenyewe, shemeji, kwa mdomo wake. Alisema, 'Mama nilimtoa kwangu. Mimi nitolewe kwa Sobit, kwa lango la baba.'"

Sobit alikwenda makaburini akikimbia, bila kofia. Alikuta wanasawazisha udongo; amechelewa tena, kama kwa mama yake.

Sasa mlango mdogo uko wazi, na kuku wa Zumrad wanakunywa maji kwetu. Juzi nilimkuta Sobit mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mfalme mmoja alikuwa amemletea zawadi na kumwomba mpaka, na majeshi yake yamejaa pale kando. Sobit akakubali. Askari wakamiminika katika miji yake, naye hakusogeza hata mmoja wa kwake.

"Watakumaliza, Sobit," nilimwambia.

"Waache wapite," alisema, machozi yanamchuruzika. "Waache wapite, Mavluda."