Kikaratasi cha Wafu Siku ya Posa

Haya niliyaficha miaka mingi, na hata leo nikipita mtaani Shika Adabu, tulikokuwa tukikaa, huinamisha uso, lakini nyinyi ni watu wangu, nitawaambia, ila anayetaka kucheka acheke waziwazi asinichekee chini chini, maana hasira zangu hazijaisha.

Wakati ule, kabla ya uhuru, nilikuwa karani bandarini, na karani mwenzangu akaniazima riwaya ya Kiingereza ya upelelezi. Jamani! Mtunzi yule (Mungu amsamehe, mimi bado) kawatia watu kumi na saba katika nyumba moja, majina yao yanafanana, huyu binamu ya yule, yule aliwahi kuwa mke wa huyu, na kila ukifungua sura mpya kuna maiti. Nikifika ukurasa wa hamsini nimeshasahau wa kumi. Ndipo nikapata akili (wacha niite akili): nikachukua karatasi, kila Mzungu nikampa jina la mtu wa mtaani kwetu. Mama tajiri nikamwita Bi Rukia, daktari mlevi nikamwita Mzee Bakari, na yule bwana mpole apendaye maua, mwenye adabu kuliko wote, nikamwita Bwana Shee, kwa heshima kabisa, kwa kuwa Bwana Shee ndiye baba wa Mwanaidi, na Mwanaidi ndiye aliyeninyima usingizi. Aliyekufa nilimkata kwa wino mwekundu, pembeni nikaandika kilichomuua.

Sasa barua ya posa niliiandika mwenyewe, mwandiko wa kikarani, nikaihifadhi ndani ya kitabu hichohicho, pamoja na ile karatasi ya majina, na siku yenyewe nikachomoa karatasi bila kuitazama, nikaitia bahashani nikampa mjomba wangu aipeleke. Mimi nikajibanza barazani kwa jirani nisikie. Bwana Shee akamwamuru mwanawe wa kiume aisome kwa sauti, wazee wote wakiwa wameketi.

"Bi Rukia, sumu. Mzee Bakari, kasukumwa dirishani..."

Wanawake wakapiga ukelele huko ndani, maana Mzee Bakari, na hili mimi nilikuwa sina habari nalo, alikuwa kitandani siku ya tatu kwa homa.

"Anatulogea watu! Mleteni!" mzee mmoja akapaza sauti.

Nikaletwa. Mjomba hata kunitazama hakunitazama.

"Ni kitabu tu, wallahi, hadithi ya Wazungu!"

"Wazungu gani waitwao Bakari?" akauliza Bwana Shee, taratibu, na ule utaratibu wake ndio uliotisha. "Na mimi naona jina langu halikukatwa. Mimi n'nani humu?"

"Sijui bado, Bwana Shee. Sijakimaliza."

"Haya, kakimalize, kisha uje unambie. Maneno ya Mwanaidi tutayasema siku hiyo."

Nilisoma siku mbili, kazini na kwenye feri, chakula sikijui. Na mwisho wake? Yule mpole! Yule wa maua! Kawaua wote yeye! Nilikitupa kitabu ukutani (kisha nikaenda kukiokota, si changu). Nauliza, huo ni uungwana? Mtu umpende kurasa mia tatu, umpe jina la mkweo, kumbe mtunzi anakucheka tangu mwanzo?

Nikaenda. "Shikamoo, Bwana Shee."

"Marahaba. Enhe, mimi n'nani?"

Ningesema yeye ni mpishi wa nyumba ile, yangekwisha. Lakini akanitazama usoni akasema, "Sema wallahi," nami kuapa uongo siwezi.

"Wallahi, ndiwe uliyewaua. Lakini jina lako nililiweka kwa upole wako, sikujua..."

"Basi utaoaje kwa muuaji? Nenda salama, mwanangu."

Tangu hapo riwaya yenye watu zaidi ya wanne siifungui, na nikikutana na mtu mpole kitabuni nakifunga papo hapo. Mwanaidi aliolewa Kisauni, na mumewe, nimeulizia, hajasoma kitabu hata kimoja maishani mwake.