Bonjour kwa Mtu Mzima

Ilikuwa Jumanne, saa nne na robo asubuhi, darasa letu la kidato cha kwanza pale Kilosa likinuka chaki na masweta yaliyonyeshewa, Madamu Tausi alipoingia na kusema, "Bonjour." Sote tukasimama kama tulivyolelewa: "Shikamoo, madamu." Akaitikia marahaba, kisha akatueleza kuwa Kifaransa hakina shikamoo; mkubwa kwa mdogo, wote ni bonjour. Wenzangu walifurahi. Mimi nilikosa raha. Kwetu Magomeni, palepale Kilosa, ukimpita mtu mzima bila shikamoo, habari inafika nyumbani kabla yako, na wahenga walishasema mwacha mila ni mtumwa. Basi karibu miaka miwili Kifaransa changu kiliishia kwenye daftari. Nilikuwa naandika vizuri tu, ila madamu akinigeukia, nainamia daftari.

Kidato cha pili kilipokaribia kwisha zikaja fomu za kuchagua masomo. Mama, anayeuza dagaa barazani kwetu, hakuzunguka. "Zaina mwanangu, hapa Magomeni Kifaransa utaongea na nani? Na dagaa?" Nikacheka naye, lakini iliniuma. Tukakubaliana nikiache.

Juma hilohilo shule ikatupeleka Mikumi kuona wanyama. Getini, upepo ukinuka nyasi zilizoungua, alikaa bibi mmoja Mfaransa, kichwa cheupe pe, ambaye madamu alikwisha kuzungumza naye. "Zaina, nenda kamsalimie." Nikaenda. Bonjour ikagoma kutoka, kwa mvi zile. Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo." Nyuma yangu mtu akadakia, "We Zaina, huyo ndiye bibi yako wa kule kijijini Masanze?" Wakaangua kicheko.

Yule bibi akaniuliza taratibu, kwa Kifaransa, nimesema nini. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini aliyeulizwa ni mimi, nikamweleza kwa maneno yaleyale ya daftarini kwamba hiyo ni salamu ya heshima kwa aliyekutangulia kuzaliwa, na kwamba yeye anatakiwa kuitikia marahaba. Akaweka chupa ya maji chini, akakaa sawa, akaitikia. Halafu akataka kujua ukisahau kusalimia inakuwaje. Tukaongea mpaka basi likapiga honi, mimi ambaye wageni wakija nyumbani najificha jikoni. Siku zote nilidhani Kifaransa ni cha kusemea mambo ya kwao; sikujua kinabeba na ya kwetu.

Sasa niko kidato cha nne, tumebaki wanane wa Kifaransa. Wadogo wa kidato cha kwanza wanampigia madamu bonjour huku wanakimbia, nami nawaonea wivu kidogo na huruma kidogo. Najua mengi kuliko wakati ule, lakini sijawahi tena kukihitaji Kifaransa kama nilivyokihitaji pale getini.

Asubuhi iliyofuata safari ile ya Mikumi, mama hajamaliza hata kujifunga kanga, nilimpa fomu aitie sahihi, Kifaransa nimekiwekea alama. Akaisoma. "Si tulikubaliana ukiache?"

"Tulikubaliana, mama. Ila mimi nakitaka."

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo mtu mzima yeyote. Akanitazama, kisha akaniuliza kalamu iko wapi.