Niliziba Mapengo ya Wakio

Nimekosa, tena kosa lenyewe halikuacha hata alama. Ndiyo maana nakuambia wewe, kwa sababu hakuna mwingine anayelijua.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilihamishiwa Voi kutoka kwetu magharibi, peke yangu. Kazi yangu ilikuwa kompyuta. Ripoti za ndizi na nyanya za shamba moja la Mahoo ziliingia kwangu kwa laini ya simu, nami nikazipeleka Mombasa. Za Mombasa nikazirudisha Mahoo. Jioni ilikuwa ni mimi, stovu na redio.

Karani wa Mahoo nitamwita Wakio. Siku moja nikaona ripoti yake ina mapengo, nafasi mbili mahali pa moja, kabla ya maneno manne tu: ndizi, jana, oda, ongezeni. Nikasoma herufi za kwanza. NJOO!

Nikatazama za Mombasa, nazo zilikuwa na mapengo ya kumjibu. Jamani! Msichana alikuwa anazungumza na mpenzi wake, karani wa Mombasa, katikati ya ndizi. Kwa mapengo hayohayo nilijua kwamba bosi wa Mahoo alikuwa mjomba wake, alisoma kila barua, na alishamtafutia mume mwingine.

Ningeyaacha hapo. Lakini nilianza kuwangojea. Wakitaniana, nacheka peke yangu ofisini. Wakigombana, chakula hakipiti. Wao hawakujua kama nawasoma. Nikawa nampigia Wakio simu nikisingizia laini mbovu. Alinijibu vizuri, akaniita kaka, akakata. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mimi nilikonda kweli.

Alhamisi moja ikaja ripoti ndefu. Mapengo yakasema: NJOO JUMAMOSI WANALETA MAHARI.

Nikayaziba. Yote, moja moja, kisha nikaituma Mombasa. Hakuna ndizi hata moja iliyopungua.

Jumatatu Wakio akapiga simu mwenyewe, mara ya kwanza.

"Kaka, ile ripoti ya Alhamisi ilifika Mombasa?"

"Ilifika yote, dada. Vile uliituma."

"Basi. Asante."

Aliolewa, akaacha kazi. Aliyemrithi aliandika ripoti safi, zisizo na pengo. Lakini za Mombasa ziliendelea kuja na mapengo. MBONA KIMYA. NIMEKOSA NINI. Msomaji wake nilikuwa mimi tu! Ningeweza kumwambia karani yule ukweli kwa njia ileile. Niliogopa kufukuzwa. Baadaye naye akachoka, akaacha.

Nilidhani nikiwatenganisha nitapata mahali pangu. Kumbe wale wawili ndio watu pekee niliokuwa nao Voi, na niliwafukuza kwa mkono wangu. Sijaoa mpaka leo.

Ndugu yangu unayepitisha maneno ya watu, yapitishe yalivyo. Usimzibie mtu hata nafasi tupu, hujui ameweka nini ndani yake. Mimi kila nikipata barua huangalia kwanza kama ina pengo. Haina.