Aliyeipa Bahari Mgongo

Mzee mtembeza wageni huanzia kwenye maporomoko, kisha pango la popo, na kote huko mdomo wake ni cherehani. Wakifika juu ya jabali, mahali ambapo kila mgeni wa kisiwa lazima apigwe picha, hukatiza hadithi akawatangulia. Husimama ukingoni akaipa bahari mgongo, mikono kaitanua kama anayezuia kuku wasitoroke.

"Taratibu, wanangu, jabali halihami!"

Leo bwana harusi alirudi nyuma ili viatu vyake vipya vitokee pichani. Mzee akamdaka mkanda.

"Mbona wewe huitazami bahari?" bibi harusi akamtania.

"Bahari naijua, mwanangu. Nisiowajua ni nyinyi."

Walishuka hadi garini wakicheka, na mkono wa mzee ulikuwa bado umeung'ang'ania ule mkanda.